Macho ya Watu Yakiondoka, Mkono Hubaki

Katika kurasa hizi za familia tumezoea kusikia malalamiko ya aina mbili, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiyajibu kana kwamba hayahusiani. La kwanza ni la mama mwenye binti. Binti ana miaka kumi na saba, ana simu, na kutwa anajipiga picha na kujirekodi. Anasema ataingia kwenye filamu, kwa kuwa watu wamemwambia ana sura ya filamu. Akikatazwa hununa, akiachwa huzidi.

La pili ni la mama mwenyewe, au la mwenzake wa ofisini. Ametimiza miaka 60, amekabidhi funguo, ameagwa kwa keki na risala, na kiinua mgongo kimeingia benki. Mwezi wa kwanza analala na kuamka apendavyo. Mwezi wa tatu anajikuta amekaa kibarazani, simu hailii, hakuna anayemwita “mama mkurugenzi” wala “mwalimu”, na moyo umekuwa mzito asijue sababu. Hapa Dodoma jambo hili lina uzito wake. Uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ya nchi ulifikiwa mwaka 1973, lakini watumishi walihamia kwa wingi baada ya Serikali kuanza kuhama kwa vitendo mwaka 2016. Wapo waliokuja wakiwa wamebakiza miaka michache ya utumishi. Wamejenga hapa, wamestaafu hapa, lakini ndugu na majirani wa zamani wako mbali.

Tukiyatazama vizuri malalamiko haya tunaona kwamba yana mzizi mmoja. Binti anataka macho ya watu yamwelekee. Mama anahuzunika kwa kuwa macho ya watu yameondoka. Wote wawili wanauliza swali moja: watu wasiponitazama, nimebaki na nini? Leo tungependa kulijibu kwa kisa cha mwanamke aliyesimama pande zote mbili za swali hilo, kwanza akiwa msichana mwenye sura ya filamu, kisha akiwa bibi mzee mwenye brashi mkononi.

Msichana wa Chicago

Mwanamke huyo si wa dini yetu wala wa bara letu. Anaitwa Kim Novak. Alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 13 Februari 1933, katika familia yenye asili ya Cheki, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Hatumtaji hapa ili awe kigezo cha mwenendo, kwani kigezo chetu kinajulikana. Tunamtaja kwa sababu maisha yake yamepita mchana kweupe, mbele ya dunia nzima, na hekima huokotwa popote inapopatikana.

Wengi waliowahi kusikia jina lake hawajui kwamba kabla ya kuwa mwigizaji alikuwa mwanafunzi wa uchoraji. Alipata ufadhili wa kusoma katika shule ya sanaa ya Art Institute of Chicago, shule inayoheshimika sana katika nchi ile. Kilichombadilishia njia ni kibarua cha likizo. Kampuni moja ya vyombo vya umeme ilihitaji wasichana wa kusimama kando ya majokofu yake na kuyatangaza mji kwa mji. Safari ile ikamfikisha California. Huko akapata kijisehemu katika filamu, kijisehemu cha kupita tu mbele ya kamera, na kufikia mwaka 1954 alikuwa ameshafunga mkataba na kampuni kubwa ya filamu ya Columbia.

Hapo ndipo ukarabati ulipoanza. Tunasema ukarabati kwa sababu alitendewa kama nyumba iliyonunuliwa na mwenye fedha. Nywele zake zikapaushwa rangi, akaamrishwa apunguze mwili, na mkuu wa kampuni, Harry Cohn, akataka hata jina libadilishwe, aitwe Kit Marlowe. Wazazi walikuwa wamempa jina la Marilyn Pauline. Msichana akakubali kuliachia jina la kwanza na kuitwa Kim, lakini la ukoo, Novak, akakataa kulitoa. Msomaji Muislamu anajua uzito wa mtu kunasibishwa na baba yake. Kati ya vyote alivyotakiwa kuviacha mlangoni, jina la baba lilikuwa kitu cha kwanza alichokataa kukiuza.

Filamu ya mwanamke anayetazamwa

Ndani ya miaka michache akawa miongoni mwa nyota wakubwa wa Marekani. Mwaka 1955 alionekana katika *Picnic* na *The Man with the Golden Arm*. Mwaka 1958 ikatoka filamu iliyobeba jina lake mpaka leo, *Vertigo*, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Mwaka 2012 jarida la Uingereza la *Sight and Sound* lilipowauliza wahakiki wa nchi nyingi ni filamu gani bora kuliko zote, *Vertigo* ilishika nafasi ya kwanza.

Hatuitaji ili familia zikaitafute. Tunaitaja kwa sababu ya kisa chake. Ni habari ya mwanamume mmoja, askari wa upelelezi aliyeacha kazi, ambaye anampenda mwanamke kwa kumfuata na kumtazama kwa mbali. Anapodhani amempoteza, anakutana na mwanamke mwingine, muuza duka wa kawaida, na anaanza kumlazimisha afanane na yule wa kwanza: nguo zile zile, viatu vile vile, nywele za rangi ile ile zilizofungwa vile vile. Mwanamke anaomba apendwe kama alivyo, na bwana yule hasikii. Anachokitaka ni umbo lililomo kichwani mwake. Bi Novak ndiye aliyewaigiza wanawake wote wawili, na ameeleza mara nyingi kwamba hakupata taabu kumwelewa yule aliyekuwa akibadilishwa. Alikuwa akiyaishi hayo hayo kazini kwake kila siku.

Ndani ya filamu ile mna sehemu moja ambayo kwetu inabeba kisa chote. Mwanamke ameketi katika jumba la makumbusho, kimya, mbele ya picha kubwa ya kuchorwa. Nyuma yake amesimama mwanamume akimchungulia. Yeye anajifanya anatazama picha, kumbe kazi yake pale ni kutazamwa. Msichana aliyesomea uchoraji Chicago alilipwa fedha nyingi kuigiza mtu anayetazama mchoro. Akitoka hapo, hakuwa na nafasi ya kuchora wake.

Alipogeuza uso

Mwaka 1966 maporomoko ya udongo yaliiharibu nyumba yake mjini Los Angeles. Wengine wangeijenga upya na kurudi kazini. Yeye aliuona msiba ule kuwa mlango. Alihama, akaenda kuishi Big Sur, mahali penye miamba na upepo katika pwani ya California, mbali na ofisi za filamu. Alikuwa na umri wa miaka 33, umri ambao mwigizaji wa sifa yake angeweza kuendelea kuvuna kwa miaka mingi. Baadaye aliigiza mara chache, na filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1991, lakini kuanzia pale uigizaji haukuwa tena nguzo ya nyumba yake. Nguzo zilikuwa wanyama na uchoraji.

Mwaka 1976 aliolewa na Robert Malloy, daktari wa mifugo. Walifahamiana daktari huyo alipofika kumtibu farasi wake. Wakaishi Oregon, kwenye shamba karibu na mto, wakifuga. Na katika umri ambao watu hudhani kusoma kumekwisha, bibi huyu akarudi kuwa mwanafunzi: akajifunza kwa walimu kazi ya chaki za rangi, akachora pia kwa rangi za maji na za mafuta. Anachora farasi, nyuso, na maono yanayofanana na ndoto. Baadhi ya picha zake zimerudi kwenye *Vertigo* yenyewe. Safari hii yeye ndiye aliyeshika brashi, na walioigiza naye ndio wanaotazamwa.

Tungekosea tukisimulia kana kwamba tangu hapo maisha yalikuwa mteremko. Mwaka 2000 moto uliiteketeza nyumba yao, na ndani yake ikateketea rasimu ya kitabu cha maisha aliyokuwa akiyaandika. Mwaka 2010 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa. Miaka miwili baadaye akasema hadharani jambo ambalo familia nyingi, za kwao na za kwetu, hulificha chini ya godoro: kwamba anaishi na maradhi ya akili yanayompandisha mtu katika furaha isiyo na kiasi na kumshusha katika huzuni nzito. Anatumia dawa, na anasema uchoraji humsaidia. Yeye mwenyewe hajadai kwamba brashi ni tiba, nasi tusidai. Mwenye maradhi ya moyo au ya akili apelekwe hospitali, aombewe dua, na asifichwe. Lakini katika siku za huzuni nzito mtu akipata kitu cha halali cha kushika mkononi, hiyo nayo ni rehema.

Mwaka 2014, akiwa na miaka 81, alikubali kupanda jukwaani katika sherehe za tuzo za Oscar. Usiku ule ule mitandao ya kijamii ikajaa kejeli juu ya uso wake. Watu waliokuwa hawajazaliwa alipokuwa nyota walimhukumu kwa kosa la kuzeeka, na kwa kosa la kujaribu kutoonekana mzee. Alijibu kwa barua ya wazi ya kukemea uonevu wa aina hiyo. Tunawaomba mabinti wanaousoma ukurasa huu watulie hapa kidogo. Macho yaliyomwinua mwaka 1955 na macho yaliyomdhihaki mwaka 2014 ni aina moja ya macho. Hutoa bila kupima, na hunyang’anya bila huruma. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Anayejenga nyumba yake yote juu ya moshi atalala wapi?

Baada ya dhihaka ile bibi hakubaki nje. Alirudi shambani kwake, kwenye meza yake ya rangi. Mwaka 2019 picha zake zilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Butler, katika mji wa Youngstown, jimbo la Ohio. Mwishoni mwa mwaka 2020 mume wake alifariki dunia. Mwaka 2025, akiwa na miaka 92, alikwenda Venice, Italia, kupokea tuzo ya heshima ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote ya filamu. Dunia ikamkumbuka tena. Lakini tuzo ile ilikuja wakati haihitaji ili ajue yeye ni nani.

Jirani yetu wa Meru

Msomaji atasema: huyo ana shamba, ana farasi, ana akiba ya miaka ya umaarufu. Mimi mstaafu wa Dodoma mwenye wajukuu wanne na bomba linalotoa maji kwa zamu, kisa chake kinanihusu nini?

Ni swali la haki, na jibu lake tunalipata karibu na nyumbani. Rosemary Karuga alizaliwa mwaka 1928 huko Meru, Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisoma katika shule ya sanaa ya Makerere, Uganda, akiwa mwanamke wa kwanza kuingia humo. Kisha maisha yakamchukua kama yanavyowachukua wengi: akawa mwalimu wa shule, akafundisha watoto wa watu, akalea wa kwake, na sanaa ikawekwa pembeni kwa miongo kadhaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, akikaribia miaka 60, aliirudia. Hakuwa na fedha za kununulia rangi. Basi akachukua kilichokuwepo: vifungashio vya bidhaa za dukani, makaratasi yale yenye rangi tunayoyatupa baada ya kutoa sabuni. Aliyachana vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa gundi, kipande juu ya kipande, mpaka yakatoka mandhari ya kijijini, kuku, wanawake kazini. Alifanya kazi hiyo katika kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1965 na wenzake akiwemo Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa katika maonyesho ya wasanii wa Afrika yaliyofanyika katika makumbusho ya Studio Museum, Harlem, mjini New York. Alifariki mwaka 2021.

Tuwaweke bibi hawa wawili pamoja. Mmoja alikuwa na kila kitu isipokuwa uhuru wa uso wake. Mwingine hakuwa na hata kopo la rangi. Wote walijifunza ujuzi wakiwa wasichana, wote waliuacha kwa sababu ya riziki, na wote walipourudia waliukuta unawasubiri. Ujuzi una uaminifu ambao umaarufu hauna. Huwezi kuuacha umaarufu miaka thelathini ukaukuta ulipouweka.

Na dini yetu inasemaje kuhusu picha?

Hapa hatuwezi kupita kimya, kwa kuwa tunaandika kwa familia za Kiislamu. Imepokewa katika hadithi sahihi makemeo makali juu ya wenye kutengeneza sura za viumbe wenye roho. Wanachuoni wamelizungumza jambo hili kwa karne nyingi. Masanamu ya viumbe wameyakataza. Katika michoro bapa ya viumbe wenye roho wengi wamekataza na baadhi wametofautisha kwa sharti na makusudio. Sisi si mufti, na msomaji anayetaka hukumu amwendee sheikh wake.

Lakini mlango mmoja uko wazi, na tunasikitika kwamba wengi hawauoni kwa sababu ya kuutazama ule uliofungwa. Imepokewa kwamba mtu mmoja aliyeishi kwa kazi ya picha alimjia Ibn Abbas (R.A.) kuuliza. Baada ya kumpa makemeo, Ibn Abbas alimwelekeza achore miti na kila kisicho na roho. Tuizingatie busara hiyo. Hakumwambia akatwe mkono. Alimwonyesha pa kuupeleka.

Na ni pakubwa ajabu. Miti, milima, mawingu, majani, maji, majengo, nakshi, na juu ya vyote maandishi ya Kiarabu. Pwani yetu imekifahamu kipaji hiki zamani. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa karne zilizopita walinakili misahafu kwa mkono na kuzungushia kurasa mapambo ya wino mwekundu, mweusi na wa njano. Watu wale hawakuwa wakipoteza muda. Walikuwa wakiyaheshimu Maneno ya Mola wao kwa kazi nzuri kuliko zote walizoziweza.

Basi mama wa Chang’ombe au Kikuyu anayetaka kuchora hana sababu ya kuingia na wasiwasi. Nje ya mlango wake kuna mibuyu ambayo hakuna miwili inayofanana. Kuna mawe makubwa ya uwanda huu yaliyopangana kama yamewekwa kwa mkono. Kuna mashamba ya mizabibu, na kuna wekundu wa jioni za kiangazi vumbi linapotulia. Mwenyezi Mungu ametutaka mara nyingi tutazame alivyoumba, na anayechora hulazimika kutazama. Jaribu kuchora jani moja tu. Utagundua kwamba umeishi na mti huo miaka kumi hujawahi kuuona.

Miamba ya Kondoa

Kwa kweli mkoa wetu huu ni mkongwe wa uchoraji kuliko Chicago na Makerere. Ukishika njia ya Dodoma kwenda Babati, ukaipita Kondoa mjini, unafika Kolo. Hapo huanza njia za kupanda milimani kwenye mapango na miamba iliyojiinamia. Kwenye kuta zake kuna michoro myekundu ya twiga, tembo na pofu, na ya watu warefu wembamba. Wachoraji walisaga mawe yenye rangi nyekundu na kuichanganya na mafuta. Mahali pengine juu yake, au kando yake, kuna michoro myeupe ya watu wa zama za karibu zaidi, wakulima na wafugaji. Maeneo yenye michoro yanazidi 150, na mwaka 2006 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mwaka 1951 alifika huko Mary Leakey, yule aliyejulikana baadaye kwa ugunduzi wa Olduvai na Laetoli. Watu humkumbuka kwa mifupa na nyayo, lakini alikuwa binti wa mchoraji na mkono wake ulikuwa wa mchoraji. Kwa miezi alisimama mbele ya miamba ile akinakili umbo baada ya umbo, mstari baada ya mstari. Kisha kazi nyingine zikamsonga. Kitabu chake cha michoro hiyo kilitoka mwaka 1983, miaka 32 baadaye, naye akiwa na umri wa miaka 70. Huyo naye ni bibi aliyerudia kazi aliyoiweka.

Tulipopanda Kolo tulipumzika kivulini chini ya mwamba, na wazo moja likatujia ambalo hatujaachana nalo. Waliochora pale walikuwa na nyuso. Bila shaka miongoni mwao walikuwepo wanaosifiwa kwa uzuri, na vijana waliogombewa. Hakuna anayejua sura ya hata mmoja wao. Nyuso zote zimekwenda. Kilichobaki ni kazi ya mikono, na hata hiyo inafifia kwa jua na maji. Sisi Waislamu tunajua tena zaidi ya hapo: tumefundishwa kwamba iko Siku ambayo mikono itasemeshwa, ieleze ilifanya nini. Uso hautaulizwa ulipendwa na wangapi.

Turudi nyumbani

Sasa tumjibu mama wa kwanza, mwenye binti. Usiishie kumwambia azime simu. Anayemnyang’anya mtu kitu bila kumpa kingine huacha shimo. Mwulize: mbali na sura, mkono wako unaweza nini? Kama hajui, si kosa lake peke yake, kwani huenda nyumba nzima haijawahi kumsifia ila kwa sura. Watoto huokota kile wanachosifiwa. Tukimwambia kila siku “umependeza” na kamwe tusimwambie “umefanya kazi nzuri”, tusishangae akienda kutafuta kupendeza kwenye kioo kikubwa zaidi. Bi Novak alipotoka kwenye filamu alikuwa na pa kwenda kwa sababu mtu alimfundisha kuchora kabla ya filamu kumkuta. Akiba ile iliwekwa angali mbichi.

Na mama wa pili, mstaafu, tunamwomba aanze leo, na aanze na kidogo. Daftari lisilo na mistari, penseli, rula na bikari la mwanafunzi vinatosha. Chora duara. Bila kubadilisha upana wa bikari, weka ncha yake popote kwenye ukingo wa duara na ukate alama, kisha hamia kwenye alama hiyo ukate nyingine. Utapata alama sita sawasawa zinazorudi ulipoanzia. Unganisha moja na ya tatu, ya tatu na ya tano, ya tano na ya kwanza, kisha zile tatu zilizobaki. Umepata nyota ya pembe sita, na kutokana na duara hilo hilo huanzia nyingi ya nakshi unazoziona kwenye kuta na milango ya misikiti. Rangi usiihangaikie. Udongo mwekundu wa Dodoma ukisagwa, ukachekechwa kwa kitambaa laini na kuchanganywa na gundi nyeupe ya seremala na maji kidogo, ni rangi.

Mwite binti yako, au mjukuu, akae nawe mezani baada ya Laasiri. Yeye ana macho makali, wewe una subira, na kazi hii inadai vyote viwili. Simu iwe chumba kingine. Mkimaliza msiipige picha kuituma popote. Ibandikeni ukutani na muiache wiki moja, mkipita mnaitazama, mkiona mlipokosea. Kosa lile mlirekebishe wiki inayofuata. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na ukuta, na huenda mtakuwa na mazungumzo ambayo mlishindwa kuyapata kwa miaka.

Hatuahidi kwamba majonzi ya kustaafu yataisha, wala kwamba binti atasahau filamu. Tunasema tu kwamba macho ya watu ni amana isiyowekwa kwetu. Huja yakitaka na huondoka yakitaka. Mkono tumepewa, na tutaulizwa juu yake. Aliyestaafu jana bado anao. Aupe kazi.

Wabillahi Tawfiq.